Ndege wa darasani wasimletee mtoto maradhi

Mtoto anarudi kutoka shuleni na ujumbe wa mwalimu. Kesho kutwa darasa lao litatengeneza ndege, na kila mzazi anaombwa alete manyoya, gundi, rangi, mbegu, vipande vya kitambaa na trei ya mayai. Ni jioni, maduka yanakaribia kufungwa na pesa si nyingi. Mzazi anatazama huku na huku: manyoya yako nje karibu na banda la kuku, rangi imesalia kidogo kwenye kopo lililotumiwa kupaka mlango, na gundi inapatikana kwa fundi wa viatu pale kituoni. Kufikia saa mbili usiku mfuko umejaa, na mtoto analala akiwa na furaha.

Wazazi wengi wa Kenya wanaufahamu ujumbe wa namna hiyo, hasa tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika kote nchini mwaka wa 2019. Hata wale waliosoma chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, wanakumbuka somo la Sanaa na Ufundi na vifaa vyake vya kuokotwa. Ndege hupendwa sana katika somo hili kwa sababu kila mtoto amemwona. Nchi yetu ina zaidi ya aina elfu moja za ndege, kuanzia mbuni wa nyika hadi kunguru wa Mombasa anayeiba mandazi. Ingawa mwalimu anaposema "tengeneza ndege", ni heri afafanue, la sivyo nusu ya darasa itamletea ile inayotua Embakasi.

Makala haya hayana nia ya kukutisha, msomaji, wala kumkataza mwalimu kazi yake. Kutengeneza picha au umbo la ndege kwa kuchanganya karatasi, kitambaa, nyasi, maganda na rangi ni kazi nzuri kwa mtoto. Lakini kuna jambo moja ambalo mara nyingi husahaulika. Kitu chochote kinachoingia mkononi mwa mtoto wa miaka mitano au sita huenda kikaingia kinywani mwake pia. Kwa hivyo yafaa vifaa vya kazi hii vichaguliwe kama tunavyochagua chakula: kimetoka wapi, kimetengenezwa kwa nini, na kitamfanya nini mtoto akikila, akikinusa au kikimwingia jichoni?

Manufaa kwa mwili na akili

Kabla ya kueleza madhara, ni vyema tuone faida. Mtoto anapochana karatasi vipande vidogo, anaposokota nyasi au kupitisha uzi kwenye tundu, misuli midogo ya vidole vyake hupata mazoezi. Misuli hiyo ndiyo atakayoitumia kushika kalamu, kufunga vifungo vya shati na kufunga kamba za viatu. Mtoto ambaye vidole vyake ni dhaifu huchoka haraka anapoandika, na mara nyingi huitwa mvivu bure.

Aidha, kazi ya mikono humpa mwalimu nafasi ya kumchunguza mtoto kwa njia ambayo hesabu na kusoma haziwezi. Yule anayeinamia karatasi mpaka pua inakaribia kuigusa huenda haoni vizuri. Yule anayechagua rangi ya kijani badala ya nyekundu kila mara huenda hatofautishi rangi hizo mbili, hali ambayo huwapata wavulana zaidi kuliko wasichana. Anayetumia mkono mmoja tu, au ambaye mikono yake hutetemeka, yafaa apelekwe kwa daktari. Matatizo kama haya yakigunduliwa mapema, mengi hupata suluhisho. Mtoto asiyeona vizuri, kwa mfano, anaweza kupewa miwani na akaanza kufanya vyema darasani.

Vilevile, mtoto mwenye huzuni au wasiwasi hupata utulivu anapofanya kazi ya mikono. Asiyeweza kusema kinachomsumbua huenda akaanza kuzungumza mwenyewe huku akibandika mabawa. Mwalimu mwenye busara husikiliza bila kumhoji.

Manyoya: usiokote barabarani

Sasa tuyatazame manyoya, ambayo ndiyo kitu cha kwanza mtoto hukimbilia. Unyoya uliookotwa chini huenda ukaonekana safi, lakini huwezi kujua ndege aliyeuangusha alikuwa na afya gani. Mavi ya ndege na ya kuku huwa na viini vya salmonela, ambavyo huleta kuhara, kutapika na homa. Ndani ya manyoya huishi pia utitiri na chawa wadogo wanaowasha ngozi.

Mavi yaliyokauka ni hatari zaidi kuliko mabichi kwa sababu hugeuka vumbi linalovutwa puani. Kasuku na njiwa wanaweza kueneza kwa njia hiyo ugonjwa unaoitwa homa ya kasuku, ambao huleta homa, maumivu ya kichwa na kikohozi kikavu. Pia kuna kuvu anayeishi katika mavi ya njiwa, ambaye huweza kushambulia mapafu na utando wa ubongo wa mtu mwenye kinga dhaifu, kama vile anayeishi na virusi vya Ukimwi. Darasani hatujui nani ana kinga dhaifu, na si haki kuuliza. Lililo bora ni kuwakinga watoto wote kwa usawa.

Halafu kuna homa ya ndege. Mwaka wa 1997 virusi vya aina ya H5N1 viliambukiza watu 18 huko Hong Kong, na sita kati yao wakafa. Karibu na kwetu, mnamo Januari 2017 nchi ya Uganda iligundua homa ya ndege ya aina nyingine katika ndege wa porini waliokutwa wamekufa kando ya Ziwa Victoria. Hakuna mtu aliyeripotiwa kuugua wakati huo, lakini funzo ni wazi. Mtoto asimguse ndege aliyekufa, wala asimnyofoe manyoya hata akiwa anapendeza namna gani. Akimwona, amwambie mtu mzima, na habari hiyo ifikishwe kwa afisa wa mifugo.

Kuna pia upande wa sheria. Sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 inakataza mtu kumiliki sehemu ya mnyamapori bila kibali, na ndege wa porini ni wanyamapori. Vivyo hivyo, viota vya mnana visiangushwe mtini ili vipelekwe darasani. Mbali na kuwanyima makinda makao, kiota huwa na utitiri, na wakati mwingine nyoka hujificha humo akitafuta mayai. Mtoto anaweza kusuka kiota chake mwenyewe kwa nyasi kavu, na hapo ndipo atakapojua kwamba mnana ni fundi hodari.

Ikiwa ni lazima manyoya yatumike, yatoke kwa kuku mzima wa afya aliyechinjwa nyumbani, si kwa kuku aliyekufa kwa ugonjwa. Mtu mzima ayaloweke katika maji moto yenye sabuni kwa muda wa nusu saa, ayasuguesugue, ayasuuze mara mbili au tatu mpaka maji yawe safi, kisha ayaanike juani mpaka yakauke kabisa. Manyoya yaliyobaki na unyevu hufanya ukungu. Hata yakisafishwa namna hiyo, mtoto mwenye pumu yafaa akae mbali nayo, kwa kuwa vumbi lake linaweza kumbana kifua. Mzazi wa mtoto kama huyo amjulishe mwalimu mapema, na ile dawa yake ya kuvuta iwe karibu.

Hata hivyo, unyoya wa kutengenezwa una manufaa zaidi. Ganda la hindi lililokauka, likichanwa nyuzi kwa kucha, hutoa unyoya mzuri wa rangi ya maziwa. Karatasi ya gazeti iliyokunjwa katikati na kukatwa kwa mshazari hufanya vivyo hivyo. Kitambaa kilichobaki kwa fundi wa nguo hutoa mabawa ya kila rangi. Hapo mtoto hajifunzi kubandika unyoya tu, bali anajifunza kuuunda.

Trei na maganda ya mayai

Trei za karatasi za mayai hupendwa kwa sababu vikombe vyake hufaa kuwa macho ya bundi au mdomo wa bata. Lakini trei iliyokaa bandani huwa imepata mavi ya kuku, na kwa kuwa ni ya karatasi haiwezi kuoshwa. Chagua trei ambayo haina doa hata moja. Yenye madoa itupwe.

Maganda ya mayai pia ni mazuri kwa kupamba, kwani yakivunjwavunjwa na kubandikwa hufanya madoadoa yanayometa. Tumia maganda ya mayai yaliyochemshwa, au uyachemshe maganda yenyewe kwa dakika kumi, kisha uyaanike. Maganda mabichi yaliyotolewa moja kwa moja kutoka jikoni yasipelekwe shuleni.

Gundi ya fundi wa viatu haifai

Hili ni jambo ambalo halina mjadala. Gundi ya kubandikia soli za viatu na mbao huwa na vimiminiko vinavyogeuka mvuke haraka, hasa kile kiitwacho toluini. Ndio mvuke uleule ambao watoto wa mitaani katika miji yetu wamekuwa wakivuta kutoka kwenye chupa ili kusahau njaa na baridi. Mvuke huo hulevya, huumiza kichwa na kuleta kichefuchefu. Ukivutwa kwa muda mrefu hudhuru ubongo, ini na figo, na mara nyingine moyo husimama ghafla. Aidha, gundi hiyo hushika moto upesi.

Darasa lenye watoto hamsini au sitini na madirisha machache si mahali pa kufungua kopo la gundi kama hiyo. Mbali na mvuke, tutakuwa tumemzoesha mtoto harufu ambayo baadaye huenda akaifuata mitaani.

Gundi salama hupikwa nyumbani kwa shilingi chache. Chukua kikombe kimoja cha unga wa ngano au wa muhogo, ukoroge na kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Chemsha vikombe vitatu vya maji katika sufuria, kisha umimine ule mchanganyiko polepole huku ukikoroga. Acha ichemke juu ya moto mdogo kwa dakika tano hivi, mpaka iwe nzito kama uji wa mtoto. Tia chumvi kidogo, epua, na uiache ipoe kabisa kabla ya mtoto kuigusa. Gundi hii hushika karatasi, kitambaa, nyasi na maganda ya mayai. Mtoto akiilamba hatadhurika. Hukaa siku mbili au tatu tu. Ikianza kunuka au kuota ukungu, imwage. Kazi zilizobandikwa kwa gundi hii zitundikwe ukutani au kwenye kamba, kwani panya na mende huipenda.

Rangi zenye sumu isiyoonekana

Katika vitu vyote vilivyotajwa hapa, rangi ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu madhara yake hayaonekani siku hiyo wala juma hilo. Baadhi ya rangi za mafuta za kupaka milango, madirisha na vyuma, hasa za zamani, zimetiwa madini ya risasi ili zing'ae na zidumu. Rangi za manjano, nyekundu na machungwa ndizo ambazo mara nyingi huwa na madini hayo kwa wingi.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiasi chochote cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo ndiye aliye hatarini zaidi, kwani mwili wake hunyonya risasi aliyoimeza mara nne au tano zaidi ya mwili wa mtu mzima, na ubongo wake ungali unakua. Risasi hupunguza damu, huleta maumivu ya tumbo, na humfanya mtoto kuwa mzito wa kujifunza na mwepesi wa hasira. Akili iliyopotea kwa njia hiyo hairudi. Wakenya tunalijua jambo hili kutokana na yaliyowapata wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilichafua makao yao kwa risasi, na kesi yao ikafika hadi Mahakama ya Juu.

Kwa hivyo, rangi iliyosalia kwenye kopo la fundi isipelekwe shuleni. Vilevile mtoto asibandue rangi kuukuu ukutani ili aitumie kwa mapambo. Ukinunua rangi dukani, chagua ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto, na usome maandishi kwenye kopo kuona kama imeelezwa kuwa haina risasi. Rangi isiyo na maandishi yoyote, inayopimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye karatasi, usiinunue hata ikiwa rahisi.

Kuna desturi nyingine ambayo imedumu katika shule nyingi za mashambani: kuvunja betri kuukuu za redio na tochi ili kupata ule unga mweusi wa kupaka ubao au kuchorea. Unga huo una madini ya manganizi, ambayo yakivutwa mara kwa mara hudhuru mapafu na ubongo, na ule ute ulio ndani ya betri huunguza ngozi na macho. Makaa ya kawaida hutoa weusi uleule bila sumu hiyo. Yasagwe yakiwa yamelowa ili vumbi lisiruke.

Rangi nyingine zimo jikoni na shambani mwako. Bitiruti iliyochemshwa hutoa waridi na zambarau. Majani ya chai yaliyochemka sana hutoa hudhurungi. Mchicha uliopondwa na kuchujwa hutoa kijani, na udongo mwekundu uliochujwa kwa kitambaa na kukorogwa na gundi ya unga hutoa rangi ya matofali. Rangi hizi hufifia baada ya majuma machache, lakini hazimdhuru mtoto.

Macho ya ndege yasiwe mbegu za sumu

Mtoto akitafuta jicho la ndege wake, hutafuta kitu kidogo, cha duara, kinachong'aa. Kwenye vichaka, hasa vya Pwani, kuna mmea unaotambaa wenye mbegu ndogo nyekundu zilizo na doa jeusi upande mmoja. Zinafanana na jicho hasa, na watu huzitunga shanga. Mbegu hizo zina sumu kali sana. Ikimezwa nzima huenda ikapita tumboni bila madhara, lakini ikitafunwa au ikitobolewa kwa sindano ili ipitishwe uzi, sumu iliyomo hupata njia ya kutoka. Mbegu za mbarika, zenye madoadoa ya kupendeza, nazo zina sumu ya aina hiyohiyo. Zote mbili zisiingie darasani kamwe.

Hata maharagwe, mahindi na shanga, ambazo hazina sumu, zina hatari yake. Watoto wadogo hupenda kuvitia vitu hivi puani na masikioni. Haragwe kavu likipata unyevu puani huvimba, na kulitoa huwa kazi ya daktari. Kitu kidogo kikiingia kwenye koo la pumzi, mtoto anaweza kufa kwa dakika chache. Kwa watoto wa chekechea, jicho la ndege lichorwe kwa makaa au likatwe kwa karatasi. Wale wa madarasa ya juu wanaweza kutumia mbegu za maboga au vifungo vikubwa, huku mwalimu akiwaangalia.

Jaribu kanga

Ili haya yote yaonekane kwa vitendo, hapa kuna ndege mmoja ambaye darasa lolote laweza kumtengeneza kwa vipindi viwili au vitatu bila kutumia unyoya hata mmoja. Huyu ni kanga, ambaye wengi wamemwona akikimbia kandokando ya barabara.

Kwanza, chukua ubavu wa boksi safi la karatasi ngumu na uchore umbo kama parachichi kubwa lililolazwa: upande mnene ni mwili, ule mwembamba ni shingo. Mwalimu ndiye akate, au wale wenye umri wa kutosha wapewe makasi yenye ncha butu, moja kwa kila kikundi.

Pili, kila mtoto achane gazeti vipande vidogo kwa vidole, avibandike kwa gundi ya unga mpaka mwili wote ufunikwe, akianzia mkiani kuelekea shingoni ili vipande vilaliane kama manyoya. Kazi ikauke hadi kesho yake.

Tatu, changanya makaa yaliyosagwa yakiwa yamelowa pamoja na gundi kidogo, na upake mwili wote kwa kipande cha kitambaa. Rangi ikiwa bado mbichi, watoto wadondoshe vipande vya ganda la yai lililochemshwa, mmojammoja, kwa safu. Hayo ndiyo madoa meupe ya kanga. Inasemekana kwamba leso huitwa pia kanga kutokana na madoa hayohayo.

Nne, kichwa kifunikwe kwa kipande cha kitambaa cha buluu na kidevu kwa chekundu. Kipande cha leso kuukuu kinafaa sana. Miguu iwe vijiti vikavu vilivyovunjwa kwa mkono, visiwe waya wala misumari. Chini yake zibandikwe nyasi kavu, na jicho lichorwe mwisho.

Fahamu pia kwamba kisu, wembe, vipande vya chupa na vifuniko vya soda vilivyopigwapigwa havina nafasi katika kazi hii. Jeraha dogo lililoingia uchafu linaweza kuleta pepopunda. Mtoto aliyepata chanjo zote za kliniki ana kinga, lakini akijikata kwa kitu kichafu, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni na apelekwe zahanati aangaliwe.

Heroe na somo la chakula

Mwalimu anayetaka kuunganisha sanaa na afya anaweza kumtumia heroe, yule ndege wa waridi mwenye miguu mirefu wa Ziwa Bogoria na Ziwa Nakuru. Mwili wake unaweza kutengenezwa kwa pamba iliyochovywa kwenye maji ya bitiruti, na miguu kwa vijiti. Watoto wakishamaliza, waulizwe: kwa nini heroe ni wa waridi?

Jibu huwashangaza. Kinda la heroe huzaliwa likiwa la kijivu au jeupe. Rangi hutokana na chakula, yaani vile vimelea vidogo vya majini anavyovichuja kwa mdomo wake. Vina kemikali za jamii moja na zile zinazoipa karoti, boga, embe na kiazi kitamu cha manjano rangi zake. Sisi hatugeuki waridi, lakini mwili wetu hutumia kemikali hizo kutengeneza vitamini A, ambayo hulinda macho na kuupa mwili nguvu za kupambana na maradhi. Mchicha na sukuma wiki nazo zina vitamini hiyo kwa wingi. Mtoto aliyetengeneza heroe kwa mikono yake mwenyewe hatasahau kwa nini anaambiwa ale mboga.

Ajali ikitokea

Rangi au gundi ikimwingia mtoto jichoni, asilisugue. Lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha aonwe na daktari.

Akimeza mbegu usiyoijua, usimlazimishe kutapika. Mpeleke hospitali mara moja ukiwa na mbegu nyingine ya aina hiyo, ili daktari aitambue. Usingoje dalili, kwani sumu ya mbarika na ya ile mbegu nyekundu huweza kuchukua saa kadhaa kabla ya kujitokeza.

Kitu kikimkwama puani au sikioni, usijaribu kukitoa kwa kijiti wala kumwaga maji humo.

Akipaliwa na akawa anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Asipoweza kukohoa, kulia wala kusema, na ana zaidi ya mwaka mmoja, mwinamishe mbele na umpige makofi matano imara katikati ya mabega. Kisipotoka, simama nyuma yake, weka ngumi baina ya kitovu na mbavu, na usukume kwa nguvu ndani na juu mara tano. Rudia huku mtu mwingine akitafuta gari. Usiingize kidole kooni kwa kubahatisha, kwani unaweza kukisukuma ndani zaidi.

Ushirikiano wa mzazi na mwalimu

Mwalimu anaweza kuepusha mengi ya haya kwa kuandika orodha iliyo wazi. Badala ya kuandika "gundi" na "rangi", aandike "gundi ya unga" na "rangi ya maji ya watoto, au bitiruti". Badala ya "manyoya", aandike "maganda ya mahindi". Orodha ya namna hiyo humsaidia pia mzazi asiye na pesa, kwa kuwa karibu kila kitu kimo nyumbani. Nayo ilani itolewe siku tatu au nne kabla, maana ni pale mzazi anapotafuta vifaa usiku ndipo hukimbilia kwa fundi wa viatu.

Mzazi naye asione haya kuuliza. Ukiona orodha ina kitu cha kutilia shaka, mwandikie mwalimu na umpendekezee kingine. Walimu wengi watashukuru. Na mkutano wa wazazi ukifika, lizungumzeni suala la madirisha ya darasa, maji ya kunawa na sabuni, kwa kuwa hata vifaa vilivyo salama vinataka mikono ioshwe.

Kazi ikiisha, kila mtoto anawe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa sekunde ishirini, asugue na chini ya kucha, kabla ya kugusa chakula chake cha saa nne. Meza zifutwe kwa kitambaa kilicholowa, zisifagiliwe kavu. Mabaki yatupwe pipani, na yale ya plastiki yasichomwe nyuma ya darasa, kwani moshi wake ni sumu pia.